Tone la Jumatano

Wagonjwa ndio waliomwita Mama Tone, na jina likamkaa kuliko lile lililoandikwa kwenye beji yake. Kila asubuhi, kabla dozi ya saa mbili haijaingia mishipani mwa mtu, aliingia wodi ya moyo akisukuma kitoroli chenye magurudumu manne, moja bovu linalolia. Juu ya kitoroli kulikuwa na kifaa cheusi kisichozidi ukubwa wa redio ndogo, na boksi la kadi za plastiki, kila kadi kama stempu ya barua. Alichoma ncha ya kidole, akakamua damu kidogo, akaidondosha kwenye kadi. Ndani ya kadi mlikuwa na vijia vyembamba kuliko unywele. Damu ilijivuta yenyewe humo, ikajichuja, ikakutana na dawa kavu iliyopakwa kiwandani, na baada ya dakika tisa kioo cha kifaa kikaonyesha namba.

"Mama Tone, leo unataka kidole kipi? Hiki ulishakimaliza jana," walimtania.

"Nipe chochote, bora kiwe chako."

Namba ile ilikuwa kipimo cha gentamaisini iliyobaki mwilini kabla ya dozi inayofuata. Ni dawa inayoua vijidudu vilivyojichimbia kwenye moyo, lakini haina mzaha. Ikibaki chini ya moja, mgonjwa yuko salama. Ikipita mbili na kuendelea kupanda, inaanza kula figo na masikio. Siku zote hospitali ilipeleka sampuli maabara kuu, na majibu yalirudi baada ya siku nne au tano, wakati mwingine mgonjwa mwenyewe keshaondoka, kwa mlango mmoja au mwingine. Kifaa kile kilitengenezwa ili muuguzi apate jibu hapo hapo kitandani, maji ya kunawa mikono hayajakauka.

Ila kilikuwa bado kwenye majaribio, na majaribio yalikuwa na sharti. Namba isimfikie daktari. Mama Tone aiandike kwenye fomu, aitie kwenye bahasha, aibandike, na kila mwisho wa mwezi Mhandisi aliyekitengeneza aje azilinganishe na majibu ya maabara kuu. Mpaka hapo, kifaa kilikuwa kama shahidi ambaye hajaapishwa.

Mama Tone alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye uuguzi. Alilivunja sharti hilo mara moja, mwezi wa pili wa utafiti, na lililomkuta ndilo lililomfunga mdomo baadaye.

Kitanda cha tatu alilala mzee aliyewahi kuwa refa wa mpira, wote wakimwita Mzee Filimbi. Asubuhi moja kifaa kilimwonyesha sita nukta nne. Mama Tone alishtuka, mguu mosi mguu pili mpaka ofisini kwa Daktari Bingwa, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, akamwambia. Daktari akasimamisha dawa siku hiyo hiyo. Siku ya pili homa ya mzee ikapanda. Siku ya nne majibu ya maabara kuu yakaja: sifuri nukta nane. Dawa ilikuwa sawa kabisa. Mhandisi alikuja mbio, akaikagua kadi kwa darubini, akaonyesha kiputo cha hewa kilichoziba kijia kimoja, kidogo kama punje ya vumbi. Dawa ikarudishwa, lakini vijidudu vilikuwa vimeshapata nafasi. Wiki iliyofuata Mzee Filimbi akafariki.

"Hakufa kwa ajili yako," Daktari alimwambia kwenye korido. "Moyo wake ulikuwa umechakaa."

Lakini kwenye kikao alisema mengine. Alisema mgonjwa alikosa dawa siku nne kwa sababu muuguzi aliamini mashine isiyoaminika. Mama Tone alipewa barua, akaisaini. Nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na sare yake mpaka mwanawe wa kike alipokuja kumuuliza kama hali chakula.

Tangu hapo akawa haongei. Alichoma vidole, akaandika namba, akabandika bahasha.

Mwezi wa tano aliletwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, msusi wa nywele, na wodini jina lake likawa hilo hilo, Msusi. Vijidudu vilikuwa vimeshika vali ya moyo wake. Alikuwa amekwisha kupewa gentamaisini siku tisa katika hospitali ndogo kabla ya kuhamishiwa hapa, na hapa wakaendelea nayo, kila baada ya saa nane. Aliletwa na wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha wodi nzima. Wawili hao walikuwa na saluni moja, na kwa jinsi walivyopiga soga ungedhani wamezaliwa tumbo moja.

"Sista, huyu mponye mapema," Wifi alisema siku ya kwanza. "Wateja wanakataa mikono yangu. Wanasema nasuka kama nafunga kuni."

"Si wanasema tu," Msusi alijibu kutoka kitandani, sauti dhaifu. "Ni kweli."

"Umeona? Anaumwa moyo, ulimi mzima."

Msusi alikuwa na binti wa miaka mitano. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo kila saa kumi jioni Wifi alimpigia simu nyumbani, akamwekea Msusi simu sikioni. Mtoto aliimba nyimbo za shule, maneno nusu kayapata nusu kayabuni, na Msusi alisikiliza amefumba macho. Mama Tone alizoea kupitisha kitoroli chake upande ule saa hizo, ingawa hakuwa na kazi huko.

Jumatatu kifaa kilimpa Msusi moja nukta nne. Mama Tone aliandika, akabandika. Figo zilipimwa siku hiyo hiyo katika maabara ya hospitali, zikaonekana nzima. Jumanne, mbili nukta mbili. Aliitazama kadi kwenye mwanga wa dirisha akitafuta kiputo, hakukiona. Akabandika bahasha.

Jumatano kioo kilionyesha tatu nukta moja.

Mama Tone alisimama pale, mkono juu ya kitoroli. Kisha akafanya jambo ambalo halikuruhusiwa. Kila kadi ilihesabiwa, na mgonjwa mmoja alikuwa na kadi moja kwa siku. Akachukua ya pili.

"Tena?" Msusi aliuliza. "Leo una njaa, Mama Tone."

"Ile ya kwanza haikukaa vizuri."

Alichoma kidole kingine. Dakika tisa alizimaliza ameikodolea macho saa ya ukutani. Tatu kamili. Kadi mbili, vidole viwili, jibu moja. Hapo hapakuwa tena na suala la kiputo. Alijua. Baadaye, walipomuuliza, hakutafuta pa kujifichia kuhusu hilo: Jumatano saa moja na dakika arobaini asubuhi alijua.

Saa mbili mwenzake akaja na dozi, akaitundika. Mama Tone aliangalia dawa ikidondoka kwenye mrija, akaondoka.

Daktari alipopita na kundi lake, Mama Tone alijikaza. "Daktari, huyu wa kitanda cha saba, hatuwezi kumpima figo leo?"

Daktari alifungua jalada. "Jumatatu zilikuwa nzima. Tutapima Ijumaa kama kawaida. Kwani kuna dalili gani?"

Alimtazama moja kwa moja.  Mama Tone akilini alimwona Mzee Filimbi, aliiona barua yenye saini yake, akasikia lile neno, isiyoaminika.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nauliza tu."

Alhamisi, nne nukta mbili. Safari hii alikwenda hadi ofisini, bahasha mfukoni, akagonga.

"Karibu. Kuna nini, Sista?"

Daktari alikuwa anakula chungwa, magazeti yametandazwa mezani. Hakuwa na uso wa ukali hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma Mama Tone zaidi alipokumbuka: kwamba hakutishwa na mtu.

"Glavu za saizi ndogo zimekwisha," alisema.

"Waandikie stoo, nitasaini."

"Asante, Daktari."

Jioni ile, yeye akiwa amekwisha kutoka kazini, Msusi alimwambia wifi yake kwamba kuna mlio masikioni, kama ile mashine ya kukaushia nywele iliyosahauliwa bila kuzimwa. Wifi akamwambia muuguzi wa zamu. Muuguzi wa zamu akaandika: mgonjwa alalamika kelele masikioni, ameshauriwa apumzike. Basi.

Ijumaa asubuhi Mama Tone alimsalimia Msusi kama kawaida. Msusi akamtazama mdomo.

"Unasemaje?"

"Nasema umeamkaje?"

"Sema kwa nguvu, Mama Tone, mbona leo unanong'ona?"

 Kabla Mama Tone hajashika kidole, Msusi aliteremsha miguu akitaka kwenda chooni. Alipiga hatua mbili, chumba kikamzunguka, akaanguka ubavu, akagonga meza ya chuma. Wagonjwa wakapiga kelele. Mama Tone na mfagiaji walimwinua, na yeye akaendelea kuuliza, kwa sauti kubwa isiyo ya kwake, "Nini? Mnasema nini?"

Mama Tone alikwenda kwenye droo, akatoa bahasha nne, akazichana zote akitembea. Alizimwaga mbele ya Daktari.

"Simamisha dawa ya kitanda cha saba. Sasa hivi."

Daktari alisoma fomu moja baada ya nyingine. Alipofika ya Jumatano aliona namba mbili mahali palipotakiwa moja. 

"Kwa nini zipo mbili?"

"Nilirudia. Nilitaka kuhakikisha."

"Ukahakikisha."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniuliza habari za glavu."

 Daktari alinyanyua simu, akasimamisha dawa. Majibu ya figo yaliyotoka mchana yalionyesha zimeharibika. Kati ya lile tone la Jumatano na asubuhi hiyo zilikuwa zimeingia dozi sita. Mama Tone alizihesabu kwenye chati kwa kidole, akazihesabu tena.

Figo zilirudi, polepole, baada ya wiki tatu. Moyo nao ulipona kwa dawa nyingine. Masikio hayakurudi. Yaliendelea kufifia hata baada ya sindano kusimamishwa, kwa maana dawa ile ikishajikita ndani ya sikio haitoki kwa kuambiwa. Wifi aliendelea kupiga simu saa kumi na kuiweka sikioni mwa Msusi, kwanza la kulia, kisha la kushoto, kisha akawa anaibana kwa nguvu. Siku moja Msusi aliutoa mkono wa wifi yake taratibu.

"Mwambie mama amesikia," alisema. "Mwambie ameimba vizuri."

Wifi, yule wa kicheko, alitoka nje ya wodi akakaa kwenye ngazi, kanga mdomoni.

Mwisho wa mwezi Mhandisi alikuja na kompyuta yake. Alikuwa kijana mpole, asiyelala vizuri, aliyekipenda kile kidude kama mtoto wake. Kwenye ukumbi mdogo wa mikutano aliwaonyesha mchoro: mstari mmoja uliopanda, na nukta nyingi zimeukumbatia. Kila nukta ni tone la damu la mtu. Ikikaa kwenye mstari wenyewe maana yake kifaa na maabara kuu vimesema neno moja.

"Baada ya kubadilisha kadi kufuatia lile tatizo la kiputo, angalieni," alisema, uso umemchangamka. Akaweka kidole kwenye nukta moja. "Hii ni nzuri kuliko zote. Sisi tatu nukta moja, maabara tatu nukta moja. Ya Jumatano, wiki ya tatu."

Hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia ni ya nani. Mama Tone alinyanyuka, akatoka nje.

Mwenyekiti wa kamati ya utafiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimwita faragha. Alimmiminia chai mwenyewe.

"Mdogo wangu, wewe ulifuata kanuni. Uliandika, ulibandika. Hiyo kadi ya pili tutaiandika kuwa iliharibika. Familia itapata barua kwamba ni athari inayojulikana ya dawa, jambo ambalo si uongo. Usijitafutie makubwa."

"Kanuni ilisema nisimwambie daktari," Mama Tone alisema. "Haikusema nisijue."

"Na hata ungesema, nani anajua? Huenda masikio yangekufa tu. Alikuja na siku tisa za dawa mwilini."

"Huenda."

"Basi."

"Lakini sasa hatutajua, Mama. Na aliyefanya tusijue ni mimi."

Chai ilipoa bila kuguswa.

Jumamosi moja, miezi miwili baada ya Msusi kuruhusiwa, Mama Tone alikwenda saluni. Kilikuwa chumba kimoja chenye vioo vitatu, viti vya kuzunguka, harufu ya mafuta ya nywele yaliyopata moto. Msusi alikuwa anasuka kichwa cha mteja, vidole vyepesi kama zamani. Mteja alikuwa anaongea, anaongea, na Msusi anatikisa kichwa kwenye kioo, bila kupata hata neno. Binti yake alikuwa amekaa sakafuni na vibanio. Alipotaka kitu hakuita. Aliinuka, akamshika mama yake kidevu, akamgeuza uso, ndipo akasema.

"Mama Tone!" Wifi alimpokea. "Karibu, karibu. Leo umekuja kutoa damu au nywele?"

"Nimekuja kusema kitu. Naomba mnipe karatasi."

Mteja alipoondoka, Mama Tone aliandika. Aliandika yote, siku kwa siku, kurasa mbili za daftari la shule. Wifi alikuwa akisoma juu ya bega lake, na alipofika katikati pumzi zake zikabadilika.

"Ulijua?" alisema. "Ulijua, ukamwacha?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nakuletea chai! Nilikuwa nasema, yule sista ana moyo! Kumbe unapima, unaona, unafunga kwenye bahasha? Binadamu wewe?"

"Wifi," Msusi alisema kwa ile sauti yake mpya, kubwa, isiyojua ukubwa wake. Aliona midomo yao tu. "Nipeni nisome."

Alisoma amesimama, chanuo bado mkononi. Alirudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena. Binti alimshika kidevu, lakini safari hii hakugeuka.

"Jumatano," alisema. "Jumatano nilikuwa nasikia."

Mama Tone alitikisa kichwa kukubali.

"Jumatano jioni aliniimbia wimbo wa siku za wiki. Akaruka Alhamisi, tukacheka." Akamtazama. "Niliusikia wote."

Hakulia, wala hakufoka. Alimwuliza kitu kimoja tu, kama anayeuliza njia: "Uliogopa nini?"

Mama Tone alichukua kalamu. Alifikiria kumweleza habari za Mzee Filimbi, kiputo, barua, kikao. Aliandika: Niliogopa kukosea tena. Alipoyaona maneno hayo kwenye karatasi, madogo hivyo, alitamani kuyafuta, lakini Msusi alikuwa keshayasoma.

"Toka," Wifi alisema. "Kabla sijakuvunjia heshima, toka."

Alikuwa mlangoni Msusi alipomwita. "Hayo uliyoandika. Utayasema mbele yao?"

Aligeuka ili midomo yake ionekane. "Nitayasema."

Aliyasema. Familia ilipeleka malalamiko, na kwenye baraza la wauguzi Mama Tone alisimama upande wao, kurasa zile mbili mkononi, mbele ya Mwenyekiti wa kamati aliyekataa kumwangalia. Daktari naye, kwa mshangao wa wengi, alisimama akakiri kwamba baada ya kifo cha Mzee Filimbi alimtupia lawama muuguzi mbele ya watu ili zisimfikie yeye. "Nilimfundisha kunyamaza," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Akafuzu." Hospitali ililazimika kuandika barua nyingine, na safari hii neno kosa lilikuwamo. Mama Tone alisimamishwa miezi sita. Aliporudi hakurudishwa wodini. Walimpeleka chumba cha kuoshea vidonda, ghorofa ya chini, karibu na stoo, na hakubishana.

Kuhusu Msusi, alikuwa akisikia habari zake kwa watu. Kwamba anafunzwa lugha ya ishara pamoja na binti yake, na mtoto amemtangulia mbali. Kwamba saluni inaendelea. Kwamba wakati mwingine, katikati ya kusuka, huacha nywele za mteja mikononi akasimama tu, na Wifi huja akamalizia. Wifi mwenyewe alikutana naye mara moja sokoni, uso kwa uso, akavuka upande wa pili.

Mwaka uliofuata Mhandisi alimpigia simu. Alikuwa ameambiwa ile nukta nzuri ilikuwa ya nani, na tangu hapo hakuwa yule yule. Alisema utafiti mpya umeanza katika wodi nne na sharti limeandikwa upya. Namba ikipita mbili, muuguzi anarudia kwa kadi ya pili, na zikilingana, daktari anaambiwa saa hiyo hiyo, na jina la aliyeambiwa linaandikwa.

"Nilitaka uwe wa kwanza kujua," alisema. "Ni kwa sababu yako."

"Si kwa sababu yangu."

 Mhandisi akasema, kama anayeomba radhi, "Wiki iliyopita wodi ya pili walimkuta mmoja. Mbili nukta sita, mara mbili. Wakasimamisha."

"Anasikia?"

"Anasikia."

Mama Tone aliegemea ukuta. Alidhani angepata nafuu, hata kidogo, akaisubiri, haikuja. Mlangoni alikuwa amekaa fundi wa kuchomelea mwenye mguu ulioungua, ameshakunja suruali hadi gotini, anasubiri. Alimshukuru Mhandisi, akakata simu, akavaa glavu, akaanza kuibandua ile bandeji ya jana, polepole, mahali iliposhika ngozi.